Pitisha ukucha kwanza

Meza yangu iko Birere, hapa Goma, kwenye njia ya watu waendao mpaka wa Petite Barrière. Natengeneza simu tangu 2009. Juu ya meza kuna kibao chenye alama ya kampuni moja tu, nilichokichoresha kwa pesa yangu. Kampuni haikunipa hata franka. Jina lake silitaji. Mteja akiniuliza anunue simu gani, kwa zaidi ya miaka kumi nilimtajia hiyo kabla hajamaliza swali.

Nilikuwa na sababu. Simu zao za zamani ulifungua mgongo kwa ukucha. Betri ikichoka unaitoa, unaweka nyingine, unaendelea na maneno yako. Laini mbili, kadi ya kumbukumbu, tundu la waya wa masikioni, redio. Mtu wa Goma anatembea na laini tatu, moja ya Rwanda, na umeme wake huja ukipenda. Simu ile ilikuwa kama imebuniwa na mtu aliyewahi kulala hapa.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuhama, nilitembea hadi Sake, kilomita 25 hivi, na mke wangu, watoto na betri nne mfukoni, zote zimejaa. Njiani watu wakaziazima: mmoja anaweka, anampigia ndugu yake, anatoa, anampa mwingine. Usiku nikahesabu betri zangu, zote nne zilikuwa zimerudi.

Sasa njoo ukae upande wangu wa meza. Simu za leo za kampuni ileile zimefungwa kwa gundi. Ili nifungue, napasha mgongo kwa mashine ya hewa moto, napenyeza kadi ya plastiki polepole, huku naomba kioo kisipasuke. Ndani, betri nayo imegundishwa. Ukiing'oa kwa pupa inapinda, na betri ya lithiamu iliyopinda inaweza kuwaka mkononi. Kovu lipo kwenye kidole changu cha shahada. Tena ile mashine inakula umeme kuliko kitu chochote mezani. Ukikatika katikati ya kazi, gundi inapoa, naanza upya. Kazi iliyokuwa ya sekunde kumi sasa inanimalizia saa nzima, na nikitaja bei, mwizi ni mimi.

Mwaka 2025 alikuja mama mmoja muuza maharagwe. Benki zilikuwa zimefungwa tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari, kwa hiyo pesa yake yote, ya mauzo na ya shule ya watoto, ilikuwa inapita kwenye simu. Kioo kilikuwa kimepasuka. Nikakibadilisha, picha ikatoka safi, ila simu ikakataa kusoma kidole chake. Kioo kipya lazima kioanishwe na kisomaji cha kidole kwa programu ambayo kampuni haimpi fundi wa meza kama mimi; inabaki kwenye karakana zake. Goma hawana karakana, na uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa. Basi mama anafungua simu kwa kuandika namba ya siri sokoni, macho ya watu yakiwa begani kwake. Aliniuliza jambo moja tu: "Fundi, si ni weye ulinishauri telefone hii?" Nikamrudishia nusu ya pesa.

La redio wengi hawalijui. Ule waya wa masikioni ndio antena. Kampuni ilipoziba tundu lake ili simu iwe nyembamba, redio ikaondoka nalo. Siku za mapigano ya Januari ile umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikapotea. Majirani walijikunyata ukumbini kwangu, wamezunguka simu kuukuu yenye redio, tukipokezana waya sikio kwa sikio. Jirani mwenye toleo jipya, la bei ya mbuzi kadhaa, alibaki nalo mkononi akilitumia kama tochi.

Halafu mega za intaneti. Kila wiki kuna anayekuja na kilio kwamba mega zake zimeliwa. Nafungua hesabu ya data na kuikuta programu ya kampuni yenyewe, isiyofutika, inayoshusha matangazo mwenye simu akiwa amelala. Amelipia simu, analipia na kutangaziwa. Miaka ya kwanza nilikuwa nawaambia ni virusi. Sikuwa nadanganya kwa faida yangu. Nilikuwa naisitiri kampuni.

Najua jibu lao: simu ya gundi haiingii maji. Sawa. Lakini vumbi jeusi la lava halikuambiwa hivyo, nalo kila siku nalitoa kwenye tundu la chaji kwa mswaki na alkoholi. Na huko Ulaya wametunga sheria mwaka 2023: kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi, ukiacha vile vilivyopewa nafuu, ziwe za kutolewa na mwenye kifaa. Maana yake ujuzi wa kutengeneza mgongo unaofunguka haujapotea kiwandani. Na madini ya simu hutoka kwetu huku: kuna mteja wangu anachimba koltani Rubaya, ambako wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema hutoka kama asilimia 15 ya tantali ya dunia, ile ya kwenye kapasita ndogo ninazozing'oa kwa kibano. Simu yake imevimba betri. Nimemwambia asubiri umeme.

Kibao sijakishusha, mchoraji anataka dola nyingi kukipaka upya. Ukipita Birere, usikisome. Niletee simu kabla hujailipia. Nitapitisha ukucha mgongoni. Usipoingia, irudishe dukani.