Vitabu vya Lazima na Vitabu vya Kujazia

Wahenga walilonga kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliichukulia kuwa nasaha ya kuweka akiba ya fedha tu. Siku hizi naitazama kwa jicho jingine, kwani imenifunza jambo kuhusu usomaji wa hadithi ndefu na, fauka ya hayo, kuhusu ndugu yangu wa toka nitoke. Kwa hisani yako, msomaji mpendwa, naomba nikusimulie kosa nililolitenda kwa nia njema kabisa.

Mfululizo ninaokusudia kuuzungumzia unaitwa Animorphs. Ni hadithi za kubuni za kisayansi zilizoandikiwa vijana wa Marekani, na jaladani lipo jina la K. A. Applegate, ambaye aliibuni kazi hiyo pamoja na mumewe, Michael Grant. Kampuni ya Scholastic ilianza kuuchapisha mwaka wa 1996, ikawa inatoa takriban kitabu kimoja kila mwezi, hata kufikia mwaka wa 2001 vitabu vikuu vilikuwa vimetimia 54, mbali na vile vya kando. Kisa chenyewe chaanza usiku mmoja ambapo watoto watano wanakatiza mahali palipoachwa ujenzi katikati. Wanakutana na kiumbe wa sayari nyingine anayekata roho, naye anawapa uwezo wa kujigeuza mnyama yeyote watakayemgusa. Adui yao ni Yeerk, viumbe mithili ya konokono wasio na gamba, ambao humwingia mtu sikioni na kuutawala ubongo wake. Aliyetekwa hatambulikani kwa macho. Tom, kaka yake Jake aliye kiongozi wa watoto hao, ametekwa; mama yake Marco vivyo hivyo. Isitoshe, mwenye kukaa katika umbo la mnyama kwa zaidi ya saa mbili hunaswa humo, kama alivyonaswa Tobias katika umbo la mwewe tangu kitabu cha kwanza.

Wapenzi wa mfululizo huu wana mazoea ya kuvigawa vitabu vyake katika mafungu mawili: vya lazima na vya kujazia. Kitabu cha lazima ni kile ambacho ukikiruka, msuko unakukatikia mikononi. Cha kwanza ni cha lazima bila shaka. Cha 13 ni cha lazima, kwa kuwa ndimo Tobias anamorejeshewa uwezo wa kujigeuza. Cha 19 vilevile, maana Cassie anazungumza na Yeerk kama kiumbe mwenye nafsi, na tangu hapo vita havina tena weupe na weusi. Kuanzia cha 20 hadi cha 22 anaingia David, mtoto wa sita anayewageuka wenzake. Vya mwisho navyo havirukiki, kwani vita vinatoka mafichoni.

Vya kujazia ni vile ambavyo vikifikia tamati, kila kitu kimerudi palipokuwa. Katika kitabu cha 39, nyati anapata uwezo wa kujigeuza. Katika cha 44, Cassie anajikuta Australia pasi na kutarajia, kisha anarudi nyumbani. Sababu ya hali hii haijifichi. Ratiba ya kila mwezi ni nira nzito kwa mtunzi yeyote, na kuanzia kitabu cha 25 hadi cha 52, isipokuwa vichache, waandishi wengine waliajiriwa kuandika kwa jina la Applegate. Haistaajabishi, basi, kwamba baadhi ya vitabu havikuwa na ruhusa ya kubadilisha chochote.

Mimi sikuufahamu mgawanyo huo nilipoanza kusoma. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi jijini Nairobi, na vitabu vyangu vilitoka kwa wauzaji wa mitumba waliovitandaza kando ya barabara. Muuzaji hakujali namba za vitabu; alijali unene. Kitabu changu cha kwanza kikawa cha 14, ambamo watoto wanajipenyeza katika kambi ya siri ya kijeshi, na chombo cha ajabu kinacholindwa humo kinabainika kuwa choo cha viumbe wa sayari nyingine. Nilicheka hadi mama akaja kuona kulikoni. Baadaye nilipata cha 9, kisha cha 12, kisha cha 32. Cha kwanza chenyewe nilikisoma baada ya miaka miwili.

Laiti mfululizo ule ungeandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye vitabu vyote, mimi ningefungiwa nje. Kilichonifungulia mlango ni sehemu ambayo wahakiki huiona kuwa uradidi mtupu: kila kitabu huanza kwa msimulizi kujitambulisha kwa jina moja, kukataa kutaja ukoo wala mji wake, na kueleza upya Yeerk ni nani. Nilipojiunga na chuo kikuu na kusoma fasihi simulizi, niliutambua uradidi huo mara moja. Fanani wetu naye haanzi hadithi bila paukwa na pakawa, na mtunzi wa utenzi wa jadi hamsahau Mola, wala hasahau kuomba karatasi na wino, kabla ya kuingia katika kisa. Aliyezoea huviona vitangulizi hivyo kama vya kujazia. Aliyewasili sasa hivi huviona kama mkeka aliotandikiwa.

Miaka ikapita, nikaukamilisha mfululizo kidogo kidogo. Ndugu yangu mdogo alipomaliza kidato cha nne, aliniomba nimwazime. Alikuwa na wiki chache tu kabla ya kwenda kuanza kazi mbali na nyumbani. Nikaona nimfanyie wema. Nikachukua karatasi, nikamwandalia orodha ya vitabu vya lazima, ishirini na viwili kwa jumla, nikamkabidhi katika katoni moja. Vilivyosalia nikaviacha rafuni. Nilijivunia kazi hiyo jinsi mpishi anavyojivunia mchele uliopetwa ukabaki bila hata chuya moja.

Alivisoma vyote kabla ya siku ya kuondoka. Nikamsubiri afike kitabu cha 54, kwa kuwa mimi kilinitoa machozi. Mwishoni mwa vita, Jake anamtuma Rachel, binamu yake, ndani ya chombo cha adui kumwua Tom. Jake anamtuma huku akijua kwamba huenda asirudi, na Rachel anakwenda huku akijua kwamba Jake anajua. Anaitimiza kazi aliyotumwa, kisha anauawa. Mfululizo ulipokamilika wasomaji wengi walilalamika, na Applegate akawaandikia barua kueleza kwamba vita haviishii katika furaha.

Nikamwuliza ndugu yangu, "Umeuonaje mwisho?"

Akanijibu kwa upole, "Ni mzuri, dada. Yule msichana mkali akafa. Nilidhani angekufa mapema zaidi."

Yule msichana mkali! Nilishikwa na ghadhabu, kisha nikaduwaa, kisha nikaenda rafuni. Nilitaka kumwonyesha Rachel ni nani, na kila kitabu nilichokigusa kwa ajili hiyo kilikuwa miongoni mwa vile nilivyoviacha nje ya orodha yangu.

Kitabu cha 12 ni cha kujazia kwa kipimo chochote. Rachel anajitosa katika zizi la mamba kumwokoa mtoto aliyetumbukia, anachukua umbo la mamba, na mwili wake unalikataa. Anaanza kujigeuza bila hiari kila anapopandwa na hisia, hata akawa ndovu chumbani mwake na sakafu ikashindwa kumhimili. Hakuna lolote la vita linalobadilika. Ila msomaji amemwona Rachel akiona haya, akimpenda mwigizaji wa televisheni kama msichana yeyote, na akiogopa mwili wake mwenyewe.

Kitabu cha 32 nacho wengi hukicheka. Rachel anajigeuza kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono mitano, na mtoto mmoja anamkata vipande viwili kwa sepetu. Kila kipande kinakua kuwa Rachel kamili kwa umbo, ila si kwa nafsi. Mmoja ni ukatili na ujasiri usio na breki. Mwingine ni woga na huruma. Wa kwanza hawezi kupanga jambo la kesho, wa pili hawezi kulitenda la leo. Ni kichekesho, naam, na mwishoni wanaunganishwa, mambo yakarudi yalivyokuwa. Lakini aliyekisoma hawezi kumwita Rachel "yule msichana mkali" tu. Anajua kuwa ukali ule umebeba woga mgongoni siku zote, na kwamba anayetumwa kufa katika kitabu cha 54 ni wote wawili.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Orodha yangu ilihifadhi matukio na kuwaacha wahusika. Ndugu yangu alikuwa na kila habari iliyohitajika ili kifo kile kieleweke, naye alikielewa barabara. Hakuwa na siku za kawaida za kumfanya akihuzunikie. Kifo cha mtu ambaye umekutana naye katika mambo makubwa pekee ni tangazo la redioni.

Sitaki msomaji adhani kwamba natetea kila ukurasa uliowahi kupigwa chapa. La hasha! Safari ya Australia naweza kuiruka hata leo bila majuto, maana namwacha Cassie mwishoni nikiwa namjua kwa kiasi kile kile nilichomjua mwanzoni. Kwa maoni yangu, basi, kipimo tulichokuwa tukikitumia ndicho kilichokuwa kibovu. Tusiulize tu iwapo hadithi imesonga mbele. Tuulize pia iwapo tumeondoka tukimfahamu mtu zaidi ya tulipoingia. Kitabu kinachoshindwa maswali yote mawili ndicho cha kujazia. Kinachofaulu moja ni cha lazima, ijapokuwa vita vimelala palepale vilipoamkia.

Ndugu yangu alisafiri kwenda kazini. Mara kwa mara hunipigia simu, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalifuata orodha: mama hajambo, fedha zimefika, nitakuja Disemba. Yote yalikuwa ya lazima. Jioni moja, baada ya kuikata simu, ilinipitikia akilini kwamba kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimsoma ndugu yangu jinsi nilivyomfunza kumsoma Rachel. Nilijua matukio yake yote. Sikujua anapika nini, anaketi na nani jioni, wala kinachomchekesha.

Nikampigia tena. Akashtuka, akadhani kuna msiba. Nikamwambia hakuna neno, nataka tu kujua leo amekula nini. Akanyamaza kidogo, akacheka, kisha akaanza kunisimulia habari za sufuria aliyoiunguza, na jirani aliyekuja mbio na ndoo ya maji, na ugali walioula baadaye kwa maziwa ya dukani. Hakikubadilika kitu. Tulizungumza hadi salio likatuishia.

Alipokuja likizo nilimpa katoni la pili. Ameanza na kile cha choo.