Mashudu, Moshi na Shule ya Agia Paraskevi

Ukitoka mji wa Mytilene kuelekea katikati ya kisiwa cha Lesbos, mizeituni haikuachi. Inapanda vilima juu ya kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, inashuka mabondeni, inakaribia maji ya ghuba ya Kalloni. Wenyeji huihesabu kuwa milioni 11. Mwaka 2019 nilikuwa huko kama mkalimani wa Wakongo waliofika kambi ya wakimbizi ya Moria wakizungumza Kiswahili, na siku za mapumziko nilipanda basi kwenda Agia Paraskevi, kijiji kilichojengwa kwa mafuta.

Aliyenitembeza ni mzee mmoja ambaye ujanani alibeba magunia kwenye kinu cha mafuta cha kijiji. Yeye habari ya mafuta huianzia kwenye baridi ya Januari 1850, iliyoua karibu mizeituni yote ya kisiwa. Watu wa wakati ule walikata vigogo vilivyokufa, wakapanda upya, wakangoja miaka. Mashamba tunayoyaona leo mengi yametokana na subira hiyo.

Zamani jiwe la kusagia lilizungushwa na wanyama, na kukamua kulitaka misuli ya wanaume. Mwishoni mwa karne ya 19 ukaja mvuke, na mabomba marefu ya moshi yakasimama vijijini. Mashine zilikuwa za matajiri; mkulima alisaga kwao na kuwaachia fungu la mafuta yake. Hapo ndipo watu wa Agia Paraskevi walipofanya jambo ninalolistahi mpaka leo. Karibu na mwaka 1910, kisiwa kikiwa bado chini ya dola ya Uthmaniya, walijenga kinu chao, mali ya kijiji kizima. Faida yake ikaenda kwenye mahitaji ya wote. Shule waliyoijenga kwa fedha hizo ina fahari ambayo hata mji mkubwa ungejivunia, nami nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya hekalu lolote la Ugiriki.

Kinu chenyewe kimezungukwa na vighala vidogo, kila kimoja na mlango wake. Familia ilihifadhi humo zeituni zake hadi zamu yake ifike, zisichanganyike na za jirani. Ndani, mawe makubwa yalisaga nyama na kokwa kwa pamoja mpaka zikawa rojo. Rojo ikatiwa katika mifuko iliyofumwa kwa manyoya ya mbuzi, mifuko ikapangwa mmoja juu ya mwingine chini ya shinikizo, ikamwagiwa maji ya moto. Mafuta na maji yakashuka pamoja birikani, mafuta yakaelea, yakaenguliwa. Mashudu yaliyobaki hayakutupwa: yalirudi kuchochea moto wa boila. Mzee alinionyesha mahali alipokuwa akisimama na mifuko ile mabegani, akakunja vidole kana kwamba bado ina joto.

Mafuta ya Lesbos yaliuzwa Smyrna na Istanbul, ng'ambo ya maji. Kisiwa kiliingia Ugiriki mwaka 1912. Kisha vita vya 1922 vikakata kabisa biashara ya upande wa pili, na mashua zikaleta wakimbizi badala ya wanunuzi. Kazi yangu ya Moria ilinifanya niisikilize sehemu hiyo kwa makini zaidi, maana kina mama wengi wa kisiwa kile ni wajukuu wa waliovuka mlango wa bahari uleule waliouvuka watu wa Moria.

Katika miaka ya 1960 kinu kilizimwa. Mwaka 2006 kikafunguliwa kama makumbusho, mashine zimesafishwa na kupakwa rangi. Nimefurahi kwamba hakikubomolewa. Hata hivyo, sakafu ile kavu haitaeleza kelele, mvuke na utelezi aliousimulia mzee, na hakuna bango linaloweza kumrudishia mkulima sauti aliyokuwa nayo katika mali yake mwenyewe.

Siku hizi mafuta hutolewa kwa mitambo ya chuma inayozunguka kwa kasi, na mengi husafirishwa kwa jumla. Nyavu bado hutandazwa chini ya miti tangu Novemba. Nilimuuliza mzee nani anapukutisha zeituni zake. Akasema ni kijana wa Kialbania, ambaye amekuwa akifanya kazi hiyo kwake kwa miaka mingi, pamoja na binti yake mwenyewe, anayechukua likizo kazini kwake Athens kila Desemba aje kukamilisha mavuno. Malipo ya kijana huyo ni nusu ya mafuta.