Mkwajuni, ambako baba anaishi kwenye kebini

Mtu wa Tunduma anayekwenda Mkwajuni huanza safari kwa kurudi nyuma. Anapanda gari la kuelekea Mbeya, anashuka Mbalizi, kisha anashika barabara ya Galula inayoteremka kuelekea bonde la Rukwa. Yaani anatoka mkoani kwake, anaingia mkoa wa jirani, halafu anaurudia wa kwake kwa mlango wa nyuma. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya, na Mkwajuni ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Sweta uliyoivaa Tunduma alfajiri utaivua njiani. Huku ni joto, vumbi na dhahabu.

Dhahabu ya ukanda huu wa Lupa ilianza kuchimbwa miaka ya 1920. Saza, jirani na hapa, palikuwa na mgodi mkubwa enzi za Waingereza, na tangu mwaka 2012 mgodi wa New Luika umekuwa ukitoa dhahabu, huku kwa miaka mingi ukijizalishia umeme wake kwa majenereta na sola. Kuuzunguka wako wachimbaji wadogo wanaohama kila rashi inapotokea. Leo turubai limesimikwa huku, mwezi ujao limefungwa kwenye bodaboda kuelekea duara jipya. Wapo watu wa aina hiyo ambao wamekaa wilayani miaka na miaka na hawajawahi kumiliki mita ya umeme.

Lakini mimi nilikwenda kuonana na familia ya mtu anayehama zaidi yao. Mwenyeji wangu ni mama wa watoto watatu, na mumewe ni dereva wa semitrela kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Akipita Tunduma na foleni ikiwa ndefu, anakaa humo siku nne, tano, mara nyingine sita, magari yakiwa yamejipanga kurudi nyuma hadi Chapwa na Mpemba. Hawezi kuliacha gari na mzigo wa watu akaja Mkwajuni. Kwa hiyo huja kama mara moja kwa wiki sita. Mtoto wao wa mwisho akitaja "nyumbani kwa baba" anamaanisha lori.

"Shikamoo dada, karibu. Utatuvumilia, leo friji nimelizima," alinipokea. Nilidhani limeharibika. Kumbe ilikuwa tarehe 24, na yeye huhesabu uniti kama wengine wanavyohesabu vikombe vya unga.

Ana daftari la shule lenye kurasa mbili zinazotazamana. Wa kushoto ameuandika "Nyumba ya chini". Wa kulia, "Nyumba ya magurudumu". Nimeona daftari nyingi za matumizi ya nyumbani, ila hili lilinikalisha mpaka jioni.

Nyumba ya chini ni rahisi kuielewa. Mita yake iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti moja ni shilingi 100, na ukijumlisha kodi na tozo zake inafika kama 122. Ukivuka 75, uniti inayofuata ni shilingi 350 kabla ya tozo. Hapo ndipo friji linapozimwa. Anauza barafu na juisi ya ukwaju (jina la mji halijapotea bure), na friji la biashara, likifunguliwa kila dakika na watoto wa shule kwenye joto hili, linaweza kula uniti mbili kwa siku. Mwezi mzima ni 60. Zinabaki 15 za taa, televisheni na pasi. Ongeza kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi unaponunua LUKU, ambayo mpangaji ndiye huiona ikikatwa mkononi mwake, kisha adaiane na mwenye nyumba akiweza.

Ukurasa wa kulia ndio uliojaa mistari iliyofutwa.

Lori hubeba betri mbili za volti 12 zilizoungwa kuwa volti 24. Zikiwa za ampia 180, mpya na zimejaa, zinabeba umeme wa uniti nne na kitu. Lakini huwezi kuzimaliza. Betri za aina hiyo zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, na zaidi ya hapo, gari lisipowaka foleni inaposogea, walio nyuma watakupigia honi na matusi. Kwa hiyo dereva ana uniti mbili za kuishi nazo, umeme ambao kwa mita ya mkewe hauzidi shilingi 250.

Kwenye kebini kuna friji dogo la kutunzia maji na nyama, feni, taa, simu mbili, na simu ya utingo. Tulipiga hesabu pamoja. Friji linalovuta wati 45 na kufanya kazi nusu ya muda linakula zaidi ya nusu uniti kwa siku. Feni ya wati 20 usiku kucha, simu, taa, vyote vinafikisha kama robo tatu ya uniti. Betri zitavumilia siku mbili na kitu. Foleni ya siku sita haizingatii hilo.

Siku ya tatu dereva anawasha injini. Hapo ndipo hesabu inapotisha. Injini kubwa ya lori ikinguruma tu bila kwenda inakunywa lita mbili hadi tatu kwa saa, na saa hiyo, kwa mwendo wa chini, altaneta inaweza kurudisha kama uniti moja. Chukua lita mbili tu, dizeli tuseme ni shilingi 3,000. Uniti moja imegharimu shilingi 6,000. Mkewe ananunua ileile kwa 122. Ni karibu mara hamsini. Hata gari likiwa barabarani, umeme unaoonekana wa bure si wa bure: uniti moja inakula karibu nusu lita ya dizeli ndani ya ile inayosukuma mzigo.

"Mume wangu alikuwa anasema umeme wa gari haulipiwi," mama huyo alisema. "Nikamwambia, baba watoto, ule upungufu wa mafuta unaokatwa kwenye posho unadhani ni wa nini?"

Tajiri wa gari hutoa mafuta kwa kipimo, Dar hadi Lubumbashi lita kadhaa. Zikipungua, dereva anaeleza. Asipoeleza vizuri, anakatwa. Kwenye daftari, safari moja yenye foleni ndefu ilikuwa imekula lita tisa za kunguruma tu, sawa na shilingi 27,000. Kwa mita ya Mkwajuni hiyo ingekuwa zaidi ya uniti 200.

Madereva wengine huepuka hayo kwa kuchaji simu vibandani. Nilikuta bei ya shilingi 500 kwa simu ya kupangusa. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi, hata ukihesabu umeme unaopotea njiani, haifiki sehemu ya arobaini ya uniti. Simu arobaini kwa 500 ni shilingi 20,000 kwa uniti. Mwenye kibanda simlaumu, naye ana paneli, betri na kodi ya pango. Wachimbaji wa kwenye maturubai wanalipa hivyohivyo. Watu wenye makazi mepesi kuliko wote ndio wanaonunua umeme ghali kuliko wote, na hakuna anayewaletea nguzo kwa sababu kesho hawapo.

Huko Marekani wako watu walioamua kuishi mwaka mzima kwenye magari-nyumba. Wakifika kambini wanakuta nguzo yenye soketi ya ampia 30 au 50, wanachomeka, wanalipa kwa mita au kwa usiku. Malalamiko yao ni juu ya kipoza hewa kinachokula umeme mwingi. Nilimsimulia mwenyeji wangu. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo pale Tunduma, mwenye yadi akiweka soketi na mita, na kumtoza dereva hata shilingi 1,000 kwa uniti, nani atapata hasara?" Mwenye yadi hulipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo, kwa bei ya matumizi ya kawaida. Sikupata jibu la kumpa.

Kisa kilichomfanya aanze daftari hakikuwa pesa. Mwaka juzi mtoto wa pili alishikwa na malaria kali usiku, akapelekwa hospitali ya Mwambani. Mama alipiga simu ya mumewe siku mbili, haipatikani. Baba alikuwa Tunduma kwenye foleni, betri zimeshuka, anaogopa kuwasha injini kwa sababu safari iliyotangulia alikatwa. Ile simu iliyozimwa ilikuwa ni mafuta aliyoyaokoa.

Dawa waliyoipata ni paneli ya sola ya wati 200. Kwa jua letu la saa tano nzuri kwa siku, ukitoa kinachopotea, inatoa karibu zile robo tatu za uniti wanazohitaji. Tatizo likawa tajiri, ambaye hakukubali paa la kebini litobolewe. Basi paneli husafiri imelazwa nyuma ya viti, na foleni ikisimama utingo huiegemeza juu, akaifunga kwa mnyororo na kukaa kivulini akiilinda. Ikifika saa kumi na moja huishusha. Imepita miezi mingi na haijaibwa, ingawa kona moja ina ufa.

Kupika hawapikii sola. Birika la wati 1,500 kwa dakika kumi ni robo ya uniti, theluthi ya umeme wa siku kwa ajili ya chai. Wanatumia mtungi mdogo wa gesi, nje ya gari. Na hapa nawaomba wenye waume na kaka barabarani waseme nao: Tunduma ni baridi kali mwezi Juni na Julai, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa kebini na kufunga vioo. Moshi wa mkaa ulioiva hauonekani wala haunuki, na mtu hulala asiamke. Blanketi mbili zinatosha.

Jioni ile simu ililia. Baba alikuwa Nakonde, ameshavuka. Mama akamuuliza kwanza betri, kisha afya. Halafu akamwambia tarehe moja atawasha friji, watoto wa shule wameanza kuulizia barafu.