Mikono ya Mtoto Nayo Husema

Shule zinapofungwa mwezi wa Desemba na mvua kuanza huku kwetu Mbulu na Hanang, watoto hushinda nyumbani. Wakubwa tunawatuma maji na kuchunga. Wadogo hubaki jikoni wakitusumbua, nasi huishia kuwafokea. Tusihangaike na vitu vya dukani. Vifaa vya sanaa viko uani.

Udongo. Chukua udongo wa mfinyanzi, mbali na choo na zizi. Toa mawe, mizizi na vipande vya chupa, uloweke, kisha uukande kama unga wa chapati. Mtoto afinyange ng'ombe, chungu au watu. Ili mguu au pembe isidondoke, akwaruze sehemu zinazokutana na kuzipaka tope jepesi kabla ya kuziunganisha. Vikaushwe kivulini siku kadhaa, maana jua kali huvipasua.

Rangi. Mkaa hutoa nyeusi, udongo mwekundu uliosagwa hutoa nyekundu, binzari hutoa manjano, na mchicha uliopondwa hutoa kijani. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi ni upande wa pili wa kalenda iliyopita au boksi la sabuni. Watu wa kale nao walichora kwa rangi nyekundu kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa. Michoro hiyo ingali inaonekana, na mwaka 2006 iliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Gundi. Koroga vijiko vikubwa 3 vya unga wa ngano katika kikombe 1 cha maji baridi, uchemshe huku ukikoroga mpaka uwe mzito, kisha uache upoe. Mtoto abandike mahindi, maharage na majani makavu, atengeneze picha. Lakini aliye chini ya miaka 3 asipewe mbegu wala shanga, kwani huzitia puani au kupaliwa nazo. Wembe ushike wewe mama. Kazi ikiisha, mikono ioshwe kwa sabuni.

Sanaa hii si ya kumtuliza mtoto tu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Tulipozitembelea familia, sisi wauguzi na akina mama wa kanisa tulikuta watoto wasiosema neno juu ya siku ile. Wengine walikuwa wamerudia kukojoa kitandani. Tuliwapa mkaa na maboksi, wakaanza kuchora mlima na nyumba.

Mama mmoja alituuliza, "Dada zangu, mnampa mwanangu udongo tena, baada ya tope lile?" Hatukumlazimisha mtoto. Siku mbili alikaa pembeni akitazama wenzake. Siku ya tatu alichukua bonge, akafinyanga nyumba yenye mlango, kisha akaanza kumweleza mama yake nani alikuwa ndani. Mama alilia, lakini alimsikiliza mpaka mwisho.

Kwa hiyo mtoto akichora, usimsahihishe wala usimcheke. Mwambie, "Nieleze." Akinyamaza, mwache. Akiibomoa kazi yake, asigombezwe. Na mtoto asiyekula, asiyecheza, au anayeshtuka usingizini kwa majuma mengi, apelekwe kituo cha afya. Michoro peke yake haitoshi.

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba Mungu alimfanya mtu kwa udongo. Basi tusione aibu watoto wetu wakichafuka. Jioni, kabla ya kuinjika ugali, keti nao chini hata nusu saa, nawe mama ufinyange chako.