Maneno Machache ya Msafiri

Lugha ni mlango wa nyumba ya watu. Mgeni asiyeujua mlango huo hubaki barazani. Hupewa kiti na kukaribishwa kwa adabu, lakini hayajui mazungumzo ya ndani. Nimewafundisha wanafunzi wangu maneno ya namna hii kwa miaka mingi, wala sikudhani kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mgeni wa barazani katika nyumba ya baba yangu.

Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu alirudi kutoka Barcelona na kijitabu cha maneno ya Kikatalani kwa wasafiri. Ndani yake mlikuwa na bon dia, yaani salamu ya asubuhi. Gràcies, yaani asante. Na namna ya kuuliza njia na bei. Nilimwuliza kwa nini msafiri ajitaabishe, na hali Kihispania kingemtosha mji mzima. Alinijibu kwa historia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipokwisha mwaka 1939, serikali ya Franco iliiondoa lugha ile shuleni na maofisini, ikabaki majumbani. Franco alifariki mwaka 1975, na mwaka 1979 sheria ya kujitawala kwa Katalonia ikaifanya lugha rasmi pamoja na Kihispania. Katika nchi ndogo ya Andorra ndiyo lugha rasmi pekee. "Mgeni akiwaamkia kwa lugha yao," alisema, "huwajulisha kuwa amewaona." Kisha akaniuliza, "Na kwenu Bariadi, mgeni aseme nini?" Sikuwa na jibu.

Baba alizaliwa Bariadi, katika nchi ya Ntuzu, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu. Utotoni alichapwa shuleni kwa kusema Kisukuma uwanjani. Alipokuwa karani Dar es Salaam na kupata watoto, aliazimu kutuepusha na fimbo ile. Nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili peke yake, nami nikakipenda hata nikakifanya kazi yangu na kukisomea shahada ya udaktari. Sikilaumu Kiswahili. Ndiyo lugha iliyomwezesha Mnyantuzu kuzungumza na Mmakonde bila mkalimani, na tangu mwaka 1967 imewafundisha watoto wa taifa hili katika shule za msingi. Kosa halikuwa kuipata lugha moja kubwa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kichwa cha mtoto hakina nafasi ya lugha mbili.

Mwaka 2016 baba aliugua. Siku zake za mwisho Kiswahili kilimtoka, akarudia lugha ya mama yake. Usiku mmoja alitamka neno moja mara nyingi. Nilidhani anamwita mtu, nikawa namjibu, "Nipo, baba." Alfajiri mgonjwa wa kitanda cha pili aliamka, akasikiliza, akaniambia, "Mzee anaomba maji." Neno lenyewe lilikuwa minzi. Kikombe kilikuwa mezani usiku kucha, karibu na kiwiko changu. Nilimnywesha, naye hakusema tena. Baada ya siku mbili alifariki.

Swali la mwenzangu lilinirudisha kwenye usiku ule. Nikaanza kuandika karatasi ya maneno ya msafiri wa Bariadi kwa msaada wa vitabu na wanafunzi wawili. Kazi ilinidhihirishia ujinga wangu. Kisukuma kina irabu saba, na abjadi yetu ya Kiswahili ina tano. Tena ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Kwa hiyo nilichokiandika kilikuwa mifupa bila nyama. Hata hivyo niliandika: mwangaluka, salamu ya asubuhi, mwadila, salamu ya mchana na jioni, mhola, amani au uzima, wabeja, asante. Nikaongeza na maneno ya pande za dunia, kwa kuwa sukuma maana yake ni kaskazini na dakama ni kusini, hata jina la kabila hili kubwa kuliko yote nchini mwetu ni jina la upande.

Wakati wa mavuno ya pamba nilipanda basi la Mwanza, nikapita Magu na Lamadi, nikafika Bariadi, na kutoka hapo nikaenda kijijini kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nilipiga magoti kidogo, nikasema, "Mwangaluka, shangazi." Watoto wakacheka hata wakashika matumbo, maana nilimwamkia asubuhi mtu ambaye jua lake lilikuwa likishuka. Shangazi hakucheka. Alinijibu kwa maneno marefu, akangoja, nami nikaitazama karatasi yangu. Haikuwa na jibu. Msafiri wa karatasi huweza kuuliza, lakini hawezi kujibiwa.

Mjukuu wake akawa mkalimani wetu. Kwanza aliulizia wanangu mmoja mmoja. Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa nimelihofu njia nzima. "Baba, mdogo wangu alisema nini mwisho?" Niliweza kumdanganya, na mkalimani angefikisha uongo wangu salama. Nilimwambia kweli: kwamba aliomba maji kwa lugha yenu, nami sikuelewa, akakaa na kiu mpaka alfajiri.

Alinyamaza kitambo. Halafu aliingia ndani, akatoka na maji katika kata, akanipa kwa mikono miwili. "Minzi," alisema. Nikasema minzi. Akatikisa kichwa, akalirudia polepole, nami nikalirudia, mpaka mara ya tano au ya sita alipokubali sauti yangu. Hapo ndipo aliponiruhusu kunywa. Nikamwambia wabeja, na neno hilo hakulisahihisha.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatuhimiza tujivunie lugha za makabila yetu na kuzihifadhi katika maandishi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapa atlasi ya lugha za Tanzania mwaka 2009. Kazi hizo ni njema. Lakini kitabu huihifadhi lugha kama ghala lihifadhivyo mbegu. Asipotokea wa kuipanda, ghala halitaota.

Nimekwisha kuisahihisha karatasi yangu. Mgeni wa Bariadi anayetaka bei na njia haihitaji, kwa kuwa Kiswahili kitampa yote hayo. Nimewaandikia wale ambao baba zao walizaliwa huko. Neno la kwanza si salamu tena. Ni minzi, na chini yake nimeandika: jifunze kwa mtu, wala usijifunze hapa.