Kanda za Ami na Hesabu za Sauti

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuijadili taarabu kwa kuzingatia mizani, vina na mafumbo. Aghalabu tunasahau kwamba sauti yenyewe, ikishatoka kwenye kanda na kuingia kompyutani, huwa tarakimu tupu.

Ami yangu, mkazi wa Likoni, ana shehena ya kanda za Juma Bhalo na Zein l'Abdin, pamoja na za harusi za jamaa zetu wa Kisauni. Tunazihamishia kompyutani kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde. Ami anashikilia kwamba programu izizidishe hadi 176,400 kabla ya kuzifikisha kwenye kigeuzi, kile kijisanduku kinachozirudisha tarakimu kuwa umeme wa kwenda kwenye spika. Mimi husema kigeuzi kiachiwe kazi yake.

Kwani kigeuzi nacho huzidisha. Mwaka 1982, CD zilipoingia sokoni, Sony waliuza mashine isiyozidisha sampuli, ikalazimu chujio kali la vijenzi vya umeme. Philips, waliokuwa na kigeuzi cha biti 14 tu, walizidisha mara nne na kuukaribia ubora wa biti 16. Aidha, vivuli vya sauti vinavyojitokeza juu ya mitetemo 22,050 kwa sekunde vilisukumwa mbali, chujio jepesi likatosha kuviondoa.

Kwa hivyo ubishi wetu ni juu ya nani akokotoe. Kompyuta ina nguvu ya kutumia chujio lenye hesabu ndefu kuliko chipu ndogo ya kigeuzi. Hapo hoja ya ami ina mashiko. Hata hivyo, sampuli za nyongeza hukokotolewa kutokana na zilizopo. Pumzi ya mwimbaji ambayo kanda haikuinasa haipatikani kwa kuzidisha, azidishe nani.

Tulijaribu ami akiwa amefumba macho, sauti zote mbili zikiwa na ukubwa mmoja. Kati ya mara kumi alipatia tano.

"Mwanangu, hizo ni spika," akasema.

Wakati huo kanda ya harusi ya mama, iliyorekodiwa Kisauni, imeanza kuota ukungu, na redio kaseti yetu inauvuta mkanda kwa kuyumba. Nimemwomba ami pesa alizotenga kununulia programu zinunue mpira mpya wa redio hiyo, na pamba na spiriti ya kusafishia hedi. Bado hajanijibu.