Kinyumba cha mama, kabla eda haijaisha



Mnaonijua, mnanijua kwa magauni ya harusi na mabuibui ya nakshi. Leo sina gauni. Nataka kukuhadithieni nyumba, tena nyumba ndogo kabisa, futi 20 kwa 14, niliyoijenga Donge kwa mikono yangu na ya mafundi wawili, mbio mbio kama mtu anayewahi boti.

Baba yetu alifariki Novemba 2022, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama akakaa eda katika nyumba ile ile ya Ng'ambo aliyoishi naye miaka 36. Nyumba yenyewe ya baba. Na baba kaacha wake wawili na watoto tisa, kwa hiyo yakishalipwa madeni na gharama za maziko, ile thumni ya mke wanagawana wake wawili. Nyumba ikiuzwa, katika kila milioni 16 mama yangu anapata milioni 1. Sisemi hivyo kumlaumu mtu. Mgao umo katika Suratun Nisaa, haukutungwa na ndugu zangu wa kwa mama mdogo, na wao ndio waliosema kwa hiari yao nyumba isiguswe mpaka mama amalize eda. Wana watoto wanasoma, na haki yao wanaihitaji. Lakini mie usiku silali. Miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo ni kama siku 128. Zikimalizika, mama atavua nguo zake za eda, atashika mkoba wake, halafu aende wapi?

Mtasema aje kwangu. Nilimwambia. Akacheka, cheko lake la kwanza tangu msiba. "Mwanangu, nyumba ya mkwe siku tatu nzuri. Ya nne naona haya kufungua friji."

Mama ana minazi 11 Donge, kairithi kwa mamaake. Kwetu Zanzibar mnajua, mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mambo yake. Kwa hiyo kabla ya kupiga jembe nilikwenda kwa wajomba, kisha mimi na wajomba tukaenda kwa sheha, tukaandikishana kwamba kipande kile baina ya minazi atajenga mama, na waliosikia wakatia saini. Shoga, hapa usiruke hata kama ni kwa ndugu zako wa damu. Karatasi ile ilinila siku sita katika zile 128 na sijazijutia hata moja.

Pesa sasa. Nilikuwa na bangili nne za mahari yangu, nimezivaa harusini na Idi mbili tatu, baadaye zikakaa ndani ya kopo la vifungo. Nilimwambia baba watoto nataka kuziuza. Akasema, "Mali yako, unaniuliza nini?" Nikapata milioni 3 na laki 8. Mabiharusi wengi wanaokuja kupimwa huniuliza kama ni aibu kuuza mahari. Mie sijaona aibu yoyote. Ni yako, si ya mume, si ya wifi, si ya picha.

Kwa pesa hizo nyumba ya matofali haijengeki, msidanganyike na watu wa mitandaoni. Nikachagua msingi wa mawe na saruji, kuta za miti na udongo, na juu nitaona. Boriti nikanunua za mikoko, kwa sababu mchwa hazipendi, na nikanunua kwa mwenye kibali. Sitaki nyumba ya mama isimame kwa miti ya wizi.

Tabu ilikuwa moja. Mwenye nyumba haioni. Mashekhe wanasema mwenye eda hutoka mchana kwa haja yake, na mas-ala hayo kila mmoja amuulize shekhe wake, lakini mama alisema kwenda kutazama shimo la msingi hakuoni kuwa ni haja. Basi. Na mie tangu nimalize kozi yangu ya ushoni sijawahi kumkatia mtu kitambaa bila kumpima. Nikachukua chaki zangu za kukatia, futi na uzi, nikaichora nyumba nzima kwenye sakafu ya uani kwa vipimo vyake vya kweli. Hapa mlango, hapa ukumbi, hapa chumba, kule nje choo na pa kupikia. Nikamwambia mama, haya, ingia kwako.

Akaingia! Akapita mlangoni, wala hakukanyaga ukuta. Akasimama kwenye choo, akaangalia jua, akaniangalia mie. "Hivi wewe, hapa mtu akichutama anaelekea wapi?" Kibla chetu Unguja kipo kaskazini, karibu sawasawa kabisa, na mimi shimo nimeliweka mtu akae uso kaskazini. Sikuwa nimefikiri. Hata kama kuna kuta, adabu yetu si hiyo. Tukakigeuza choo kwa chaki moja tu. Kama ningekuwa nimeshachimba ingekuwa laki na nusu.

Akaja chumbani. Kitanda nilikuwa nimekichora futi 5 kwa 6, kama kile alicholalia siku zote. Akakitazama muda. Akapiga magoti, akaufuta mstari wa upande mmoja kwa kiganja, akauchora tena kwa ndani.

"Tatu na nusu inanitosha," akasema. "Hapo palipobaki weka cherehani, ukija uwe na pa kukaa."

Nikasema naam mama. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikachelewa kurudi.

Donge nilikuwa nikienda siku tatu kwa wiki, nyengine nashona. Siku ya kwanza ya msingi nilifika mafundi wameshatandaza kamba. Macho yangu yakakataa. Mshoni anajua kitambaa kilichokatwa upande hata kabla ya kukigusa. Nikaomba tupime kona kwa kona, kama unavyokunja kitambaa kuona ncha zinakutana. Kona moja mpaka ya pili yake, halafu nyengine mpaka ya pili yake. Vipimo viwili hivyo lazima viwe sawa. Vyetu vilipishana inchi 5. Fundi kijana akanuna, ati mwanamke wa cherehani anamfundisha kujenga. Fundi mzee akacheka, akatoa kamba yake, akapima futi 3 upande huu, 4 upande huu, na baina ya ncha mpaka zikatimia 5. Kona ikakaa. Tangu siku ile alikuwa akiniita "fundi mwenzangu" na mie sikumkatalia.

Msingi tuliunyanyua juu ya ardhi futi moja na nusu. Ukuta wa udongo haufi kwa uzee, unakufa kwa kurukiwa na maji ya mvua chini. Ndio maana upenu nao ukatolewa nje futi 3. Kukandika walikuja wanawake wa kwa wajomba na watoto wao, udongo ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa maandazi, ukajazwa na vijiwe baina ya fito. Nilipika mihogo ya nazi na samaki chungu kizima, kikamalizika. Nguo niliyovaa siku ile haikusafika tena, ni dekio sasa.

Usiupake tena ukuta siku ya pili yake. Acha ukauke, upasuke utakavyo, ndipo uukandike mara ya pili uzibe nyufa. Sisi tulingoja wiki tatu, na mie kila siku nikihesabu mama zimembakia ngapi.

Juu ndipo tulipogombana. Mie nilitaka makuti. Nyumba baridi, inapendeza, nimeona zinavyopigwa picha kule kwenye mahoteli. Mama kwenye simu akanikatisha. "Makuti wayapende wageni, wanalala siku mbili wanaondoka. Mie baada ya miaka minne mitano nimuombe nani aje kuezeka upya? Miaka yote hii nimeomba, n'shachoka. Tia bati." Nikatia bati. Joto lake tukalipunguza kwa kuacha uwazi chini ya paa pande mbili upepo upite, na bati lina faida yake, maji ya mvua tunakinga kwenye pipa. Ila angalia anayepiga misumari. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa mkunjo, na kofia yake ya mpira, maji yapite bondeni pembeni yake. Fundi kijana alipiga mistari miwili bondeni siku ambayo sikuwepo. Hayo nitayarudia.

Kumalizia nilimalizia mwenyewe, na hapa nimejifunza kwa maumivu. Nilitaka lipu ya saruji, ing'are. Fundi mzee akasema saruji na udongo hawapatani, saruji ni ngumu na inafungia unyevu ndani, baada ya misimu miwili inabanduka mapande kwa mapande. Tia chokaa, ukuta utapumua. Nikanunua chokaa ya tanuu. Unaitia katika maji kidogo kidogo na unakaa mbali, inatokota kama chungu cha maharage. Inaachwa ilowe siku nyingi, inakuwa laini kama malai. Mie nikaipaka kwa mikono mitupu, kwa ujuba tu, glavu zimo ndani ya mfuko. Usiku vidole vikawaka. Siku nne sikuweza kushika sindano, na gauni la watu linangoja Jumamosi. Shanga zote za kifuani ilibidi atie mwanafunzi wangu. Bibi harusi yule kama anasoma, sasa anajua.

Lakini ukuta, mashaallah. Asubuhi jua likiingia mlangoni chumba kinajaa mwanga bila taa. Mapazia nikashona kwa vitambaa vya mabaki, kila dirisha rangi yake. Sakafu ya saruji nikaipitisha mwiko mara tatu, na pale mama atakaposalia, uso kaskazini, nikapasawazisha zaidi ya pengine pote.

Mama alimaliza eda mwanzoni mwa Machi, Shaabani. Mlango wa chumba ulikuwa bado, nikatundika kanga. Akaja na mkoba, jiko lake la mkaa, na picha ya baba ndani ya bahasha. Ndugu zangu wa kwa mama mdogo ndio waliomletea kitanda kwa gari yao, kile cha tatu na nusu. Akatoa salamu mlangoni, akaingia mguu wa kulia, akapita ukumbini akaenda moja kwa moja chumbani bila kuuliza njia. Akagusa ukuta. Nilingoja aseme neno. Akasema, "Maji ya kutawadhia yako wapi?"

Usiku wa tatu mvua ikapiga. Misumari ya bondeni ikajionyesha, tone tone, juu ya pale pale pa cherehani, na asubuhi nikapanda mwenyewe na ngazi ya mjomba, nikaing'oa, nikaziba matundu na kupiga mengine juu ya mgongo. Wajomba wakasimama chini wakiniambia nishuke. Nilikuwa na suruali ndani ya buibui, msiwe na wasiwasi.

Sasa wiki ya pili. Ramadhani hii hapa. Mama kaotesha mchaichai nyuma ya choo, na kila anayepita anaitwa barazani. Jana kanipigia simu kulalamika. Kidato cha baraza kirefu, goti linamuuma. Nikapiga hesabu, ni inchi 11. Nilimpima amekaa, amelala, anasali, sikumpima anapanda.

Nusu mfuko wa saruji ulibaki, upo chini ya meza yangu ya kukatia. Ijumaa nikishatia pindo gauni la biharusi wa Fuoni naupakia kwenye daladala, nikamwekee kidato cha pili. Safari hii na glavu.